Tai wa Vichwa Viwili na Mlima Wetu: Uhakiki wa Picha za Sarafu

Katika lugha ya Kiswahili neno fedha lina maana mbili. Fedha ni madini meupe yanayong'aa; na fedha ni kile tutoacho sokoni tukapewa unga. Zamani maana hizi mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa thamani ya sarafu ilipimwa kwa uzito wa madini yake. Lakini juu ya madini hayo daima palichorwa kitu fulani: kichwa cha mtawala, ngao, maandishi au mnyama. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya ushairi, ngoma na vinyago vya Wamakonde, ila sarafu wamewaachia mabenki na watunza vitu vya kale. Hiyo ni hasara, maana ni vigumu kutaja kazi ya sanaa iliyopita katika mikono mingi kuliko sarafu. Mtu asiyepata kuingia katika nyumba ya makumbusho hata siku moja ameishika picha hii, ameigeuza, ameifunga katika pindo la kanga.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki baadhi ya picha hizo, hasa picha za wanyama, tukizitazama tukiwa tumesimama Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mlima wenyewe umechorwa katika alama za watawala mbalimbali, na namna ulivyochorwa imebadilika. Pili, wenyeji wa miteremko hii walikwisha kukutana na swali la fedha ing'aayo kabla sarafu za wageni hazijawa lazima kwao. Swali letu basi ni hili: mnyama aliyechongwa katika fedha humwambia nini yule anayeishika, na huyo anayeishika ana uwezo gani wa kumjibu?

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu na kuandika kwamba kilele chake kina theluji. Katika maandishi ya wamisionari wa wakati ule imehifadhiwa habari moja tuliyo na haki ya kuidai kuwa ni yetu. Inasimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wapande juu wakachunguze weupe ule, kwa matumaini kwamba huenda ukawa ni fedha. Mmoja tu alirudi akiwa hai, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Habari nyingine ya siku hizohizo yasema kwamba kile kitu cheupe kilipoteremshwa kiligeuka kuwa maji. Wako waliozisoma habari hizi kama kichekesho cha watu wasioijua theluji. Sisi tunaona humo kanuni bora ya uhakiki. Watu wa Machame hawakuridhika na mng'aro unaoonekana kwa mbali. Walitaka kitu kiteremshwe, kishikwe, kijaribiwe. Nasi tuziteremshe sarafu hizi tuzijaribu.

Tuanze na ile iliyokuwa mashuhuri kuliko zote katika biashara ya Bahari ya Shamu, Uarabuni na mwambao wetu, yaani reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Upana wake ni milimita 40 hivi, uzito wake gramu 28 na ushei, na sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha safi. Upande mmoja yupo mtawala huyo, mwanamke wa makamo, amejitanda ushungi wa ujane. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili, taji juu yake, ngao kifuani, mabawa ameyatandaza hata yakaijaza duara yote. Ukingoni yamechongwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na rehema.

Kwa upande wa ufundi, kazi hii inastahili sifa. Mchongaji alijua namna ya kulitumia duara: mabawa, mkia na vichwa vimegawana nafasi bila kusongamana, na kila unyoya una mstari wake. Ufundi huo haukuwa pambo tu. Kwa kuwa picha ilikuwa na mambo madogo mengi, ilikuwa vigumu kuighushi, na wafanyabiashara walizoea kuhesabu hata lulu za kipini kilichopo begani mwa mwanamke huyo kabla ya kuipokea sarafu. Tai, pamoja na bibi yake, walikuwa walinzi wa uzito. Ndiyo maana, hata baada ya mwenyewe kufariki, sarafu iliendelea kupigwa mhuri kwa tarehe ileile ya 1780. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Rome, London, Paris na Bombay, na daima mwaka ulibaki 1780. Watu waliizoea picha, nao watengenezaji wakaogopa kuigusa.

Lakini mnyama huyu ni nani? Hakuna mwindaji aliyemwona. Ni kiumbe wa kubuniwa, wa kale sana, aliyechongwa katika mawe ya nchi ambayo leo ni Uturuki miaka mingi kabla ya Kristo, kisha akachukuliwa na wafalme wa Byzantium, na baadaye na makaisari wa Ulaya ya kati. Kwa desturi huelezwa kwamba vichwa viwili ni madai ya kutawala mashariki na magharibi kwa pamoja. Tukimtazama kwa makini tunaona jambo jingine: kichwa kimoja chatazama kushoto, kingine kulia, na hakuna hata kimoja kinachomtazama mtu aliyeishika sarafu. Huyu ni mnyama anayetazama mipaka ya ufalme. Mtu anayepewa sarafu hayumo katika macho yake.

Waswahili wa mwambao walimjibuje? Walimjibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani lugha. Reale hii waliiita reale ya Sham, wakaitambua kwa upande wa dunia ambako waliidhania kutoka, bila kumtaja malkia wala tai. Reale ya Kihispania ilikuwa na picha ya nguzo mbili. Wahispania walikusudia nguzo za hadithi zilizosimama mwisho wa dunia ya kale. Waswahili walizitazama nguzo hizo wakaona mizinga, na sarafu ikaitwa reale ya mzinga. Jina hilo ni uhakiki kamili kwa neno moja. Watu walioona merikebu za Ulaya zikija na mizinga hawakukosea sana walipoiona mizinga katika fedha za Ulaya.

Na sisi tunaosoma kwa Kiswahili leo hatuwezi kumtazama kiumbe wa vichwa viwili bila ya kumkumbuka ndumilakuwili, yule nyoka ambaye watu husema ana kichwa kila upande na huuma kotekote, na ambaye jina lake limekuwa jina la mnafiki. Alama iliyokuwa fahari Vienna, katika lugha yetu imekaribia kuwa tusi. Hapa pana somo kwa mwanafunzi wa fasihi: alama haisafiri na maana yake yote. Maana nyingine huachwa bandarini, na nyingine huipata kwa wenyeji.

Ni kweli kwamba reale haikuwa sarafu ya soko la mlimani. Katika masoko ya Uchagani, ambayo yalikuwa mikononi mwa wanawake, ndizi zilibadilishwa kwa ulezi, kwa magadi na kwa vyungu; na misafara iliyotoka Pangani na Mombasa ilileta ushanga, nguo na waya. Hata hivyo tai alikuwapo kwa siri. Pembe ya ndovu iliyoteremka kutoka nchi za mlima ilihesabiwa kwa reale ilipofika pwani. Aliyeitoa alipokea ushanga, na aliyeiuza akaandika reale katika daftari lake. Faida ilikaa upande wa yule aliyejua hesabu zote mbili.

Jambo hilo lilibadilika pale Wajerumani walipokuja na sarafu yao. Mwaka 1885 wakala wa Carl Peters alipata mkataba kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Kuanzia mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya Bara Hindi iliyokwisha kuzoeleka. Upande mmoja ni Kaisari Wilhelm wa Pili. Upande wa pili ni ngao ya Kampuni yenye simba na mti wa mnazi. Hata baada ya utawala kuchukuliwa na serikali ya Ujerumani mwaka 1891, rupia ziliendelea kubeba jina la Kampuni mpaka zile za mwaka 1902.

Hapa tai hakuachwa, amehama tu. Kaisari amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai, mabawa yamenyanyuliwa. Tukiilinganisha picha hii na ile ya Maria Theresa, tunaona kwamba ufundi umebaki lakini adabu imepungua. Katika reale, mtawala na mnyama wake waligawana pande mbili za sarafu, na mtu aliweza kuwatenganisha kwa kugeuza kiganja. Katika rupia, mnyama amempanda mtu kichwani. Naye simba wa upande wa pili amesimama katika ngao ya kampuni ya biashara, kana kwamba simba na mnazi vilikuwa bidhaa zilizokwisha kununuliwa. Kilatini na Kijerumani cha maandishi yake hakikusomwa na wengi huku kwetu; kwa hiyo picha ndiyo iliyopewa kazi ya kusema. Ilisema: nani ni bwana.

Na watu wa mlima walilazimishwa kuisikiliza. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya shambani. Na aliyekosa fedha aliweza kutakiwa kulipa kwa nguvu za mwili wake. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na wenzake. Hatuwezi kuihakiki picha ya rupia kana kwamba ilitundikwa ukutani mwa makumbusho. Ilifika mlimani ikiwa na kodi nyuma yake, na kitanzi nyuma ya kodi.

Mtu asije akadhani kwamba Wachagga walikuwa hawajui alama mpaka walipoletewa ngao za kigeni. Walikuwa na alama iliyoheshimiwa kuliko zote, nayo ni jani la isale. Isale hupandwa mpakani mwa kihamba, na hakuna mwenye akili atakayeling'oa ovyo. Mtu aliyekosa humpelekea jani hilo yule aliyekosewa, na aliyeletewa isale hupata shida kukataa kusamehe. Tulinganishe. Tai wa kaisari hupata nguvu yake kwa sababu nyuma yake kuna askari. Isale hupata nguvu yake kwa sababu wote wawili, mwombaji na mwombwaji, wameafikiana juu ya maana yake. Sarafu ile iliandika haki na rehema ukingoni, kwa lugha ngeni. Mlimani haki ya mpaka na rehema ya msamaha vilikaa katika jani bichi ambalo kila mtoto alilijua. Sultani Barghash wa Unguja naye, katika pesa zake za shaba za mwaka 1299 wa Hijra, hakuweka mnyama; aliweka maandishi na mizani. Kumbe si lazima mamlaka yajieleze kwa kucha na midomo.

Baada ya hapo mlima wenyewe uliingia katika sarafu. Mwaka 1916, katika vita kuu, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja kuna tai. Upande mwingine kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima ambao watunza sarafu huutambua kuwa ni Kilimanjaro. Ni picha yenye uhai mwingi kuliko zilizoitangulia. Lakini Machi ya mwaka huohuo majeshi ya Waingereza yaliuchukua mji wa Moshi, na Septemba Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Mlima ulichongwa katika dhahabu wakati mwenye kuuchonga alikuwa anaupoteza.

Waingereza nao, kuanzia mwaka 1921, walileta shilingi ya Afrika ya Mashariki: mfalme upande mmoja, simba mbele ya milima upande wa pili. Simba huyu si wa ngao. Amechorwa kama mnyama wa porini. Hata hivyo kazi yake ni ileile ya mnyama wa ngao, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na milima iko mbali nyuma yake. Watu hawapo. Mtazamaji mgeni angedhani nchi hii ina simba na milima tu, na mfalme wa kuitunza. Aidha, shilingi hiyo ilikuwa na sehemu 250 tu za fedha katika kila 1,000, na kuanzia mwaka 1948 haikuwa na fedha kabisa. Madini yaliondoka, simba akabaki. Jambo hili lathibitisha kwamba kufikia wakati huo picha ilikuwa imekwisha kuichukua nafasi ya madini, na watu walikuwa wakiipokea amri badala ya uzito.

Lakini haki yatutaka tuseme pia kwamba mkono unaopokea unaweza kubadili maana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, kisha wakaingia katika ushirika mkubwa wa KNCU. Shilingi ya simba iliyolipwa kwa kahawa haikuwa sawa na ile iliyotolewa kwa kodi, ingawa picha ilikuwa moja. Shilingi hizo zilisomesha watoto, na miongoni mwa watoto hao wakatoka waliodai uhuru.

Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, bendera na mwenge vilipandishwa mpaka kilele cha Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda. Benki Kuu yetu ilifunguliwa mwaka 1966, na mwaka huo zikatoka sarafu za kwanza za Tanzania, zenye maneno ya Kiswahili. Hazikuwa za fedha halisi. Katika shilingi palichongwa mkono ulioshika mwenge. Katika senti 50 palichongwa sungura. Mtu atasema sungura huyo ni mnyama wa kawaida tu, kama mbuni wa senti 20. Huenda ndivyo alivyokusudia mchoraji. Lakini mtoto wa Kitanzania aliyelelewa kwa hadithi hawezi kumtazama sungura kama mnyama wa kawaida tu. Huyu ndiye anayemshinda simba kwa akili. Baada ya miaka zaidi ya arobaini ya simba katika shilingi, sungura aliingia katika sarafu bila makelele, kama ilivyo tabia yake. Tukitafuta mnyama wa kubuniwa aliye wetu, ni huyu, wala hahitaji vichwa viwili; akili ya kichwa kimoja yamtosha.

Kikubwa zaidi ni nembo ya taifa, ambayo watu wameizoea kwa jina la bibi na bwana. Katika ngao za Ulaya wanaoishika ngao mara nyingi ni wanyama: simba, tai, au farasi mwenye pembe moja. Katika nembo yetu wanaoishika ni mwanamume na mwanamke, karafuu na pamba miguuni pao, na chini yao Mlima Kilimanjaro. Hapa ndipo tunapoona badiliko lenyewe. Katika sarafu za wageni mlima ulikuwa mandhari nyuma ya mnyama wa bwana. Katika nembo umekuwa ardhi wanayosimama watu. Wachoraji wa kigeni walimwondoa mtu wakamweka mnyama. Sisi tulimrudisha mtu mahali pa mnyama.

Kwa ajili hiyo sarafu za fedha za mwaka 1974 zatutia mashaka kidogo. Mwaka huo zilitolewa, katika mpango wa kuhifadhi wanyama, sarafu ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye faru. Nia yake ilikuwa njema, kwani faru alikuwa hatarini kwelikweli, na ufundi wake hauna dosari. Lakini sarafu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watunzaji, zikakaa katika visanduku vyao. Hazikufungwa katika pindo la kanga, wala hazikupewa jina na wanawake wa sokoni. Sarafu isiyopita mkononi haijibiwi. Inabaki na maana ya aliyeitengeneza peke yake, na nchi yetu kwa mara nyingine yaonekana kuwa ni wanyama bila ya watu. Hatusemi zisitolewe. Tunasema zisihesabiwe kuwa picha timilifu ya taifa, na mnunuzi wake akumbushwe kwamba upande wa pili wa faru kuna watu wanaoishi naye.

Upande mwingine, watunza sarafu wametufanyia jambo la manufaa. Kama wasingekuwapo, reale na rupia nyingi zaidi zingeishia katika tanuri la sonara. Masonara wa Uarabuni waliziyeyusha reale nyingi wakafanya vikuku na mikufu. Hilo nalo lilikuwa jibu kwa tai, na jibu zuri. Lakini rupia ya kodi ikiyeyushwa leo tunapoteza ushahidi. Familia iliyobahatika kuwa na sarafu ya aina hiyo isiiuze kwa uzito wa madini kabla haijaulizwa ilifikaje nyumbani, na nani aliitolea jasho. Habari hiyo yastahili kuandikwa, na sarafu kuonyeshwa kwa watu wa Makumbusho ya Taifa.

Mwalimu anaweza kulifanya somo hili bila gharama kubwa. Aweke mezani sarafu yoyote, hata ya leo, na wanafunzi waichore kwa ukubwa, pande zote mbili. Kisha wajibu maswali matatu: nani aliyeamuru picha hii, nani angestahili kuwamo lakini hayumo, na watu walioipokea waliiitaje. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa maana jibu lake haliko katika chuma. Liko kwa bibi na babu, katika soko la Moshi na la Mwika, katika Kiswahili na katika Kichagga, na kila mwaka unaopita huondoka na baadhi ya wanaolijua. Mwanafunzi na aanze na nyumba yake.